Mikato Mitatu ya Nyumba ya Imseng

Theodul Imseng alifika kituo cha Furgen dakika kumi na nane kabla ya treni. Ndiyo ilikuwa desturi yake tangu aanze kutembelea kiti cha magurudumu. Mwenye miguu anaweza kuchelewa akakimbia; yeye alitangulia, akafunga breki, akakaa akitazama reli zilizoloa umande.

Jukwaa lilikuwa jipya. Masika yaliyopita mafundi walikuwa wameliinua mpaka likawa sawa na sakafu ya treni mpya nyekundu, hata kiti kikaingia behewani kama mtu anayetoka sebuleni kwenda jikoni. Mashine ya zamani ya kunyanyulia viti, ile iliyozungushwa kwa mkono huku abiria wote wakikutazama ukining'inia kama gunia, ilitupwa kwenye vyuma chakavu. Siku ya kuzindua jukwaa zilipigwa tarumbeta na watu wakanywa mvinyo mweupe. Theodul ndiye aliyealikwa kukata utepe. Picha yake ilitoka gazetini, uso umetulia kama wa mtu anayengoja zamu yake kwa daktari wa meno.

Leo ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Septemba, siku ya kugawa jibini kwenye malisho ya Galm, mwendo wa dakika arobaini kupanda kwa treni ya meno, ile ambayo gurudumu lake hung'ata reli ili isiteleze mlimani. Ng'ombe walikwisha kushuka na kengele zao. Kilichobaki juu kilikuwa jibini ya kiangazi kizima. Saa tatu na nusu padri angeibariki, kisha Kilian Andenmatten, msimamizi wa malisho, angeanza kuziita nyumba, moja baada ya moja.

Juu ya mlango wa ghala la Galm palikuwa na boriti ndefu iliyoshikwa na kulabu za chuma. Kila nyumba yenye haki ya kulisha ng'ombe pale ilikuwa na alama yake iliyochongwa kwenye boriti hiyo. Alama ya nyumba ya Imseng ilikuwa mikato mitatu na msalaba mdogo. Jina likiitwa, mwenye nyumba huinua mkono, hutia kidole gumba ndani ya alama yake na kusema, "Nipo." Hapo ndipo hupewa fungu lake. Hakuna kumgusia mwenzio. Nyumba isiyosema "nipo" miaka mitatu mfululizo, alama yake hupigwa randa na haki yake hurudi kwa wote. Randa lenyewe lilitundikwa kwenye msumari palepale ukutani, asije mtu akasema hakujua.

Kwa nyumba ya Imseng, huu ulikuwa mwaka wa tatu.

Baba yake, mzee Moritz, aligusa boriti ile kila mwaka mpaka alipofikisha miaka themanini na sita, kisha akafa kabla ya theluji, na haki ikamwangukia Theodul. Mwaka wa kwanza Theodul alikuwa hospitali. Mwaka wa pili mawe yalifunika reli kwa siku tisa, na wenzake wakapanda kwa miguu. Mara zote mbili Kilian, kwa huruma na si kwa sheria, alimletea jibini mpaka mlangoni, akaipanga vizuri kwenye rafu, akasema, "Usijisumbue, kijana." Hakuna aliyewahi kumwambia Theodul asije Galm. Walimwambia tu asijisumbue.

Kama ungemuuliza asubuhi ile iwapo aliitaka hasa haki ile, angekujibu kwamba hajui. Hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Malisho yake aliyatumia jirani, naye akampa nusu ya jibini. Alikuja kituoni kwa sababu siku ilikuwa imefika, na siku ikifika mtu huenda.

Zamani hakuwa hivyo. Alizaliwa katika nyumba iliyo chini ya reli, na akiwa na miaka kumi na tisa aliandikwa kazi katika kundi la mafundi wa njia. Alikuwa mpiga soga, mwimbaji mbaya mwenye sauti kubwa, mtu wa kulia hadharani timu ya kijiji ikifungwa. Kati ya Furgen na Galm hakukuwa na jino la reli ambalo hakulipaka grisi kwa mkono wake. Kisha masika moja, alipokuwa na miaka arobaini na moja, wakisafisha miamba iliyolegea juu ya njia, jiwe lilimwangukia mgongoni. Halikuwa jiwe kubwa. Lilitoshana na mkate.

Ganzi ilianza miguuni. Miaka ya mwanzo alidhani itakaa hukohuko, kama mpangaji aliyepewa chumba cha chini. Lakini ilipanda polepole, bila kelele. Nyimbo zilikwenda, hasira ikafuata. Septemba ile ya baridi iliyompeleka hospitali, alikuwa amekaa karibu na jiko akisoma gazeti, mguu umeegemea mlango wa chuma wa jiko, naye akaendelea kufungua kurasa mpaka dada yake Philomena alipoingia na kuuliza, "Mbona hapa pananuka kama nywele zilizoungua?" Alipofiwa na baba, watu walimtazama kaburini wakingoja machozi. Naye aliyangoja pamoja nao. Hayakuja, wote wakaenda kunywa kahawa.

Philomena alikuwa mkubwa wake kwa miaka minne. Aliolewa ng'ambo ya mto, katika nyumba yenye alama nyingine kwenye boriti nyingine, kwa hiyo haki ya Galm haikumhusu. Lakini kila jioni alivuka daraja na sufuria ya supu. Jana aliivua shali yake, akaweka supu mezani na kuuliza, "Kesho unaenda?"

"Sijui," alisema Theodul.

"Hujui?"

"Labda si lazima."

Philomena alimtazama, akaosha bakuli, akaenda zake. Theodul alikuwa ameshapiga simu tangu saa sita mchana kuandikisha safari, maana abiria wa kiti cha magurudumu sharti aitaarifu reli mapema ili treni ya sakafu ya chini ipangwe. Hakumwambia dada yake. Hakumficha pia; saa ya treni aliiandika kwenye karatasi iliyobaki mezani, kando ya supu. Ilikuwa tu kwamba maneno yalikuwa mbali, na kuyafuata ilikuwa kazi.

Sasa treni ilitokeza kwenye kona ya kanisa, naye akaona mara moja kwamba siyo.

Yalikuwa mabehewa mawili ya zamani, ya mbao, yenye vipini vya shaba na ngazi tatu nyembamba kila mlango. Injini ilikuwa nyuma ikisukuma, na mbele kabisa lilikuwa behewa la wazi la kubebea jibini. Kondakta aliruka chini kabla treni haijasimama. Alikuwa Jolanda Ruppen, mwanamke wa miaka thelathini na mitano hivi, mwenye filimbi shingoni, ambaye Theodul ndiye aliyemfundisha kubadili njia za reli alipoanza kazi.

"Mzee Imseng! Unafanya nini hapa?"

"Nangoja treni."

"Treni hii?"

"Saa mbili na kumi na saba. Nilipiga simu jana."

"Na ukafuta."

"Sikufuta."

Jolanda akatoa simu ya kazini, akapekua kwa kidole. "Jana, saa kumi na mbili na dakika nne jioni. Safari imefutwa. Aliyepiga ni mwanamke. Karani kaandika: 'Abiria hatasafiri, familia inaomba radhi kwa usumbufu na haitaki treni ipangwe bure.'"

"Philomena," alisema Theodul.

"Dada yako? Jamani. Ana adabu mpaka anaua mtu."

"Aliona si vizuri kuwasumbua."

"Treni ya chini ipo moja tu, mzee wangu, unajua. Ilipofutwa safari wakaipeleka bondeni kwa kundi la watalii wenye baiskeli." Jolanda alijipiga paja. "Itarudi hapa saa nne na kumi na saba."

"Majina yanaitwa saa tatu na nusu."

"Si watakungoja?"

Aliposema hivyo walitazamana, na Jolanda mwenyewe akayaonea haya maneno yake. Galm haikuwa imepata kumngoja mtu. Babu yake Theodul aliwahi kukosa fungu la mwaka mzima kwa sababu alikuwa bado hatua mia moja kutoka ghalani, anaonekana na wote, anakimbia na kofia mkononi.

"Tukubebe basi," alisema Jolanda. "Nitaita wanaume wanne."

"Mlango una sentimita hamsini na tano. Nimeupaka rangi mara sita."

"Sasa?"

Theodul hakusikitika wala hakukasirika. Alijitafutia hasira kidogo ndani yake, kama mtu anayepapasa mfukoni kutafuta funguo, hakuipata. Alichokiona ni behewa la jibini, na gati la mawe kando ya bohari ya mizigo, na namna sakafu ya behewa ilivyolingana na gati hilo kwa unene wa ukucha.

"Lile la mbele linakwenda tupu?" aliuliza.

"La jibini? Tupu." Kisha Jolanda akamwelewa. "Mzee, usinianzie."

"Jibini haijawahi kupanda ngazi, Jolanda. Zaidi ya miaka mia. Chini kuna gati, juu kuna gati, na lile la juu linakwenda mpaka mlango wa ghala."

"Abiria haruhusiwi kwenye behewa la mizigo. Kipo kifungu."

"Cha thelathini na moja. Isipokuwa mlinzi wa mzigo aliyevaa fulana ya kazi."

"Na mzigo uko wapi?"

"Mimi."

Jolanda aliitazama saa ya kituo. Zilibaki dakika mbili. Katika reli ile watu walisamehe mambo mengi, ulevi na hata uzinzi, ila si kuchelewesha treni. Alivua fulana yake ya rangi ya chungwa, akamvalisha kama anavyovalishwa mgonjwa. "Mkono huu. Na huu. Ukianguka, sikukuona."

"Sitaanguka. Nimeshaanguka."

Akacheka kidogo, akamsukuma mwenyewe mpaka kwenye gati na kumwingiza behewani, wakafunga kiti kwa mikanda ileile ambayo Theodul aliitumia zamani kufungia mataruma. Treni iliondoka saa mbili na dakika kumi na nane. Jolanda alipanda akitazama chini kama mtu aliyeiba.

Kwenye behewa la wazi hapakuwa na kioo wala paa. Upepo ulikuja moja kwa moja usoni, na chini ya sakafu meno ya gurudumu yaliyashika meno ya reli, tak, tak, tak, mlio alioujua kuliko sauti ya mtu yeyote. Msitu ulipita. Likapita daraja, na baada ya daraja ukaja ule mwamba. Walikuwa wameufunika kwa wavu wa chuma. Miaka kumi na mitatu hakuwa amepita pale bila kioo kati yake na jiwe, na wavu ulipokaribia alikaa wima, akaungoja moyo ufanye kitu.

Wavu ulipita. Alichosikia ni boliti iliyolegea, ya tatu baada ya daraja, upande wa bonde. Akaikariri ili aitolee taarifa.

Galm walifika saa tatu kasoro mbili. Jolanda alikuja mbio, akafungua mikanda na kumvuta mpaka kwenye gati la juu. "Nina dakika moja, mzee. Treni inaendelea kileleni. Utajiweza?"

"Boliti ya tatu baada ya daraja imelegea. Upande wa bonde."

"Nakuuliza kama utajiweza!"

"Nenda. Utachelewa."

Gati la Galm lilikuwa njia ya mbao, pana kiasi cha mkokoteni, iliyoshuka kutoka ghalani mpaka relini ili mikate ya jibini iteremke yenyewe. Tangu aanze kazi Theodul aliijua kama mteremko. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kwa anayekwenda upande wa pili ni mlima. Ilikuwa hatua tisini. Alisukuma magurudumu mara tatu, akapumzika na breki; mara tatu, breki. Mbao zilikuwa na utelezi wa mafuta ya jibini ya miaka yote hiyo. Mara mbili kiti kilirudi nyuma na kumpotezea alichokipata. Alisikia kengele ndogo ya padri, kisha sala, kisha watu wakiitikia amina. Mikono ilikuwa imechubuka na mikanda, na sasa mpira wa magurudumu ukaichuna zaidi. Alijua hivyo kwa kuona alama nyekundu kwenye mpira. Akaendelea. Mara tatu, breki.

"Nyumba ya Lomatter!" Ilikuwa sauti ya Kilian.

"Nipo!"

"Nyumba ya Supersaxo!"

"Nipo, na nina njaa!" Watu wakacheka.

Mafungu ya jibini yalipangwa kwenye nyasi mbele ya ghala, minara midogo ya manjano, na watu kama sitini walisimama kuyazunguka. Philomena alikuwa kwenye meza ya kahawa. Alikuja na treni ya kwanza alfajiri kusaidia akina mama. Yeye ndiye aliyeiona kwanza ile fulana ya rangi ya chungwa ikipanda kutoka gatini. Alidhani ni mfanyakazi wa reli. Kisha akaona ni nani, na kikombe alichokuwa akikijaza kikafurika.

"Nyumba ya Imseng!" Kilian aliita, bila kuinua macho. Alingoja. "Nyumba ya Imseng, mara ya pili!"

Theodul hakuwa na pumzi ya kuitika. Aliinua mkono mmoja, kiti kikaanza kurudi nyuma, akaushusha haraka.

"Yuko hapa!" Philomena alipiga kelele. "Kilian, we Kilian, geuka!"

Watu wakageuka. Wawili wakamkimbilia na kukishika kiti, na hatua kumi za mwisho alisukumwa. Kilian Andenmatten, mzee wa miaka sabini na minne, ndevu zimechanwa kwa ajili ya sikukuu, alimtazama kwa masikitiko ya kweli.

"Kijana, umepanda na jibini? Ungebaki tu nyumbani. Fungu lako limeshapakiwa kwenye trekta. Jioni tungekuletea mpaka kwenye rafu. Usijisumbue."

"Na randa?" aliuliza Theodul.

Kilian alilitazama randa ukutani. Lilikuwa limesafishwa, mtu alikuwa amelinoa. "Randa ni randa," alisema polepole. "Sheria haimjui mtu. Hata mimi singefurahi."

"Ndiyo maana nimekuja."

"Basi gusa, kijana. Gusa tuendelee."

Wakamsogeza mpaka chini ya boriti. Theodul aliinua mkono. Aliunyoosha mpaka bega likalia. Kati ya ncha ya kidole chake na alama ya mikato mitatu palibaki shibiri mbili kamili. Baba yake alikuwa mtu mrefu. Yeye pia, zamani.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa afadhali wangecheka.

"Tumwinue," alisema mmoja, na wanaume wanne walijitokeza wakikunja mikono ya mashati. Theodul aliwaona wakija, wema umejaa nyusoni, akaikumbuka mashine ya kunyanyulia na gunia.

"Hapana," alisema.

"Basi nikushike mkono tu, niuongezee urefu kwa kijiti," alisema Kilian. "Au mara hii moja tuseme umegusa. Sote tumekuona."

"Hapana. Iteremsheni."

"Tuteremshe nini?"

"Boriti."

Kilian aliitazama boriti kama aliyeambiwa ateremshe mlima. "Hii haijateremshwa tangu ghala la zamani liungue. Mimi nilikuwa tumboni."

"Basi inajulikana kwamba huteremka."

Mtu wa nyuma akasema, "Haya, mwaka huu tutaonja jibini siku ya Krismasi!" Wakacheka sasa, ila Kilian hakucheka. Alikuwa anawaza kuhusu kabari za mbao zilizokaza kulabu, zilizovimba kwa mvua ya miaka sabini, na nyumba kumi na tano ambazo bado hazijaitwa, na saa. Theodul aliyaona hayo yote usoni mwake. Maisha yake yote, kabla ya jiwe na baada yake, hakuwa amewahi kuwasimamisha watu sitini. Alingoja aone aibu. Hiyo nayo ilikuwa mbali. Mara hii umbali ule ulimsaidia.

"Nangoja," alisema.

Aliyeleta nyundo alikuwa Philomena. Aliichukua kwenye sanduku la trekta, akapita katikati ya watu na aproni yake ya kahawa, akamkabidhi Kilian. "Shika. Na usithubutu kuniambia nisijisumbue."

Ilichukua dakika ishirini na mbili. Kabari ya kwanza ilivunjika, ya pili ikatoka na kilo nzima ya vumbi la viota vya ndege. Wanaume sita waliishusha boriti, wakailaza juu ya mapipa mawili ya maziwa, mbele ya magoti ya Theodul. Watu walisogea karibu. Wengi wao hawakuwa wameiona boriti ile ila kwa chini, wakiwa wameinua shingo.

Kwa juu ilionekana tofauti. Kati ya alama na alama palikuwa na mabonde madogo, mahali palipopigwa randa. Theodul aliyahesabu matano. Alipitisha kidole gumba juu ya moja. Lilikuwa laini, bila mkwaruzo, kama ngozi ya mguu wake mwenyewe anapoiosha asubuhi na kuona mkono unapita tu. Nyumba ya nani? Hakuna aliyejua, hata Kilian.

Alama yake ilikuwa ya tisa. Mikato mitatu, msalaba. Ilikuwa na uchafu mweusi wa vidole, ubaridi, na kingo zilizolainika upande mmoja tu, kwa sababu watu wa nyumba yake walikuwa warefu na walilazia kidole kushoto. Akatia kidole gumba.

"Nipo," alisema.

"Kwa sauti!" ikatoka nyuma.

"Nipo."

"Nyumba ya Imseng, fungu la kumi na moja," alisema Kilian. "Lishusheni kutoka kwenye trekta. Nyumba ya Zurbriggen!"

Basi ndivyo ilivyokuwa. Theodul alirudishwa nyuma kidogo ili wengine wapite, na kwa mara ya kwanza watu wa Galm waliinama kugusa alama zao badala ya kunyoosha mikono. Alikaa akingoja furaha. Palikuwa na jua, mkate mweusi, harufu ya jibini inayoyeyushwa mbele ya makaa. Furaha haikuonekana. Lakini ule upande ambako ingekuwapo haukuwa mtupu kabisa. Palikuwa na kitu kidogo, kigumu, kama punje ya mchanga ndani ya soksi. Hakujua jina lake.

Philomena alimletea kahawa, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Nilikuuliza jana, ukasema hujui."

"Kweli sikujua."

"Ukasema si lazima. Theodul, mtu aseme ndiyo au aseme hapana. Mimi nitajuaje? Nikaiona ile karatasi mezani, nikafikiri, wamepanga treni nzima kwa ajili yake, naye hatatokea. Nikaona haya."

"Ungeniuliza tena."

"Miaka kumi na mitatu nakuuliza kila kitu mara mbili." Aliisugua aproni yake pale kahawa ilipomwagikia. "Jana nilichoka."

Theodul alilitafakari jambo hilo. "Haya," alisema.

"Haya nini?"

"Haya, umechoka. Nimesikia."

Philomena alitazama pembeni, akapangusa pua yake kwa mkono.

Kilian alikuja na penseli nyuma ya sikio na kulabu mbili mkononi. Ugawaji ulikuwa umekwisha, umechelewa kwa dakika ishirini na mbili kamili, naye alikuwa amewaomba radhi watu wote, mmoja mmoja. "Tunaipigilia upya," alisema. "Onyesha pa kuishia mkono wako."

Theodul aliinua mkono ukutani.

"Hapo ni chini mno. Tutagonga vichwa mlangoni."

"Mtainama," alisema Philomena.

"Ikae pembeni ya mlango basi." Kilian alichora mstari kwenye ncha ya kidole cha Theodul, akapima na kuchora wa pili. "Mwaka kesho usije ukaniambia umefupika tena." Aliondoka akinung'unika, akarudi hatua mbili. "Mkono wako unatoka damu, kijana."

Ulikuwa unatoka. Viganja vyote viwili vilikuwa vimechunika, na malengelenge yamepasuka chini ya vidole. Philomena akavishika na kuvigeuza juani.

"Inauma?"

Theodul alivitazama. Maumivu yalikuwa yamefika bila yeye kujua, kama barua iliyochelewa njiani. Yalikuwa pale, ya moto, yenye mahali pake hasa.

"Ndiyo," alisema.

Philomena hakuuliza mara ya pili. Alifunga viganja kwa vitambaa vya meza ya kahawa, kisha akatoa simu mfukoni, akataka kubonyeza namba ya reli, akasita. Akaiweka juu ya magoti ya mdogo wake.

Theodul alipiga kwa kidole kimoja. Karani aliyepokea alikuwa kijana, sauti yake ya heshima. Theodul alimwambia jina, na kiti cha magurudumu, na treni ya saa tisa kutoka Galm kushuka Furgen.

"Subiri kidogo, bwana." Vidole vilisikika vikigonga. "Bwana Imseng, samahani. Kwenye kumbukumbu zetu safari yako ya kupanda ilifutwa jana jioni. Inaonekana leo hukusafiri. Upo Galm kweli?"

Ukutani Kilian alikuwa ameanza kupigilia kulabu ya kwanza, na kila pigo lilimfikia Theodul viganjani.

"Nipo," alisema.